Picha ya Mpofi Nzima

Kavuo alizaliwa Butembo, katika nyumba ambayo chakula cha jioni hakikuliwa bila habari za malori. Baba yake alikuwa na malori, wajomba zake walikuwa na maduka, na kaka yake mkubwa, Jacques, alianza kupanda ndege kwenda Uchina kununua bidhaa akiwa bado hajaota ndevu vizuri. Katika ukoo ule, mtu aliyesema anapenda kupiga picha alionekana kama mtu aliyesema anapenda kulala. Hata hivyo walimwacha na mapenzi yake. Na alipoolewa na Valentin, mfanyabiashara wa sabuni, chumvi na betri, akamfuata mpaka Masisi-centre, aliweka kamera ndani ya sanduku la vyombo, katikati ya sahani, akaifunika na mashuka ya arusi.

Huko Masisi, Valentin alimpa kona moja ya duka, nyuma ya magunia ya chumvi. Kavuo akatundika kitambaa cha buluu ukutani, akaweka kiti, akaandika mlangoni: STUDIO. Wanafunzi walikuja kupigwa picha za mitihani, akina mama wakaleta watoto wa komunyo, na siku za Jumamosi alienda kwenye arusi. Kamera yake ilikuwa ya zile mpya zisizo na kioo ndani, nyembamba kama kitabu cha sala, lakini mbele yake ilibeba lenzi ndefu na nzito ya kuvuta vitu vya mbali. Kavuo aliipenda lenzi ile. Akiwa amesimama mlangoni mwa kanisa aliweza kukamata chozi la bi arusi kwenye altare. Watu walipomwona nayo shingoni walimpisha njia.

Ilikuwa miaka ile ambayo vita ilihama kutoka kilima hadi kilima kama moto wa nyasi. Leo barabara ya huku imefunguka, kesho imefungwa, na watu wa Masisi walizoea kuuliza habari za barabara kabla ya kuuliza habari za afya. Siku moja Kavuo alikuwa akirudi kutoka arusi, amepanda pikipiki ya Nestor, motari aliyemwamini kuliko wote, wakakuta kizuizi ambacho asubuhi hakikuwapo. Vijana wenye bunduki walifungua mfuko wake. Mkubwa wao akaitoa ile lenzi ndefu, akaitazama mbele na nyuma.

"Hii iko ya kuonea mbali," alisema. "Unatuonea sisi? Unapelekea nani?"

"Apana, papa. Iko ya arusi. Muniangalie, natoka kwa arusi, na keki njo hii."

"Ya arusi inaona mbali hivi juu ya nini? Bibi arusi anakimbia?"

Vijana wakacheka. Nestor aliomba, Kavuo akaomba, na keki ikaliwa palepale. Mwishowe kamera waliirudisha, maana bila kitu cha mbele waliiona kama kisanduku kitupu. Lenzi ilibaki. Kavuo alifika nyumbani, mfuko ukiwa bado wazi. Valentin alipoiona kamera imebaki na tundu wazi usoni, alimpokea mfuko, akamwambia tu, "Umefika, Mama Aimée. Hiyo njo kitu ya maana." Aimée ni binti yao, aliyekuwa akisoma Butembo kwa bibi yake.

Kavuo alimpigia simu Jacques, ambaye siku zile alikuwa Uchina. Akamweleza yaliyotokea, akamwomba amtafutie nyingine ya namna ileile. Jacques aliuliza bei madukani, kisha akasema atatuma kinachowezekana. Kifurushi kilipowasili, kimepita Butembo na Goma ndani ya katoni ya viatu, Kavuo alikifungua juu ya kaunta, mbele ya wateja. Ndani kulikuwa na kilenzi kifupi cha plastiki, kinachotoshea kwenye kiganja na kufichwa na vidole.

"Hii njo nini sasa?" Valentin aliuliza. "Kifuniko ya termosi?"

Kavuo alizungusha pete yake, akatafuta mahali pa kuvuta karibu. Hapakuwapo. Kilenzi kile kilikuwa na macho ya namna moja tu. Kisichoingia, hakiingii, kilicho mbali, kinabaki mbali. Alimpigia tena Jacques.

"Kaka, hii haivute."

"Haivute, ndiyo. Wewe uko na miguu. Kitu ukitaka ikuwe karibu, enda karibu."

"Na nikitaka ikuwe mbali?"

"Rudi nyuma. Dada, nilifanya vile naweza. Lakini yule muuzaji aliniambia neno moja: mudomo yake iko mukubwa, inakunywa mwangaza sana. Jaribia ndani ya nyumba."

Wiki za kwanza zilikuwa za aibu. Mitaani waliuliza kama lenzi ya Mama Kavuo imekatwa mguu. Kwenye arusi ya kwanza alisimama mlangoni kwa mazoea, na picha zote zikatoka migongo ya watu na bi arusi kama punje ya mahindi kule mbele. Kwenye arusi ya pili alijongea mpaka karibu na altare, akafungua mdomo wa lenzi wote ili apate mwanga, akapiga. Bi arusi alitoka vizuri ajabu, kila uzi wa shela unaonekana. Lakini bwana arusi, aliyesimama nyuma yake hatua moja tu, alikuwa ameyeyuka kama siagi juani. Mama wa kijana alikuja studio na picha mkononi.

"Mwana wangu iko wapi hapa?"

"Njo huyu, mama. Huyu wa nyuma."

"Huyu? Huyu iko moshi."

Kavuo akampigia picha nyingine, mtu na mkewe bega kwa bega, bila malipo, kisha akarudi nyuma ya magunia ya chumvi na kuanza kusoma kilenzi chake upya kama mtoto anayejifunza a-e-i-o-u. Alipiga magunia, alipiga paka, alipiga Valentin akila maharage. Akagundua kwamba mdomo ukiwa wazi kabisa, kilenzi kinashika kitu kimoja tu na kuachilia vingine vyote, na kwamba pembeni mwa picha mambo yanalegea, kama yamefutwa kwa sabuni. Ukiufunga mdomo kidogokidogo, kila kitu kinakaza, mpaka ncha za picha zinakuwa kali kama za lenzi za wenye pesa. Lakini mwanga nao unapungua, na mkono usipotulia, picha inatetemeka. Akagundua kwamba mashine yake ya kutafuta shabaha inalia kama mbu na kuhangaika ikikosa mwanga, basi akajifunza kuizima na kutafuta shabaha kwa vidole. Akagundua pia kwamba kilenzi hakipatani na mvua, na Masisi mvua ni mwenyeji.

Yote hayo aliyajua kwa vidole kabla ya kuyajua kwa maneno. Na jambo moja zaidi alilijua kwa mshangao: watu hawakuiogopa. Lenzi ndefu iliwafanya wajikaze, wafunge midomo, wanyooshe shingo kama wako mbele ya komanda. Mbele ya hiki kidogo waliendelea kuongea.

Ndipo akaja Damien. Alikuwa mkulima wa Mpofi, upande wa Walikale, aliyekimbia mapigano na nusu ya kijiji chake na kuwekwa kambini Lushebere, mwendo mfupi kutoka Masisi-centre. Kambini walimchagua awe msemaji wao, kwa sababu alikuwa mtu wa maneno machache na hakuna aliyewahi kumsikia akigombana. Alisimama mlangoni mwa studio, kofia mkononi.

"Mama, niko na mama yangu mugonjwa. Anataka foto. Kutoka inje hawezi."

"Nitakuya nayo kule, Papa Damien. Nyumba yake iko na dirisha?"

"Iko na mulango. Dirisha hapana."

Nyumba ya Constance, mama yake Damien, ilikuwa fito na turubai, chini kama kichuguu, na ndani kulikuwa na giza la saa kumi na mbili jioni ingawa nje ilikuwa adhuhuri. Bikizee alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu imevimba, kitenge chake kizuri amekifunga mpaka kifuani. Hapo ile lenzi ndefu isingeona kitu. Ingehitaji taa ya kumulika, na taa ingemfanya Constance afumbe macho. Kavuo alipiga magoti mlangoni, akafungua mdomo wa kilenzi wote, akasogea mpaka akasikia pumzi ya yule mama.

"Koko, unaangalia wapi?" alimwuliza, kama mjukuu amwulizavyo bibi yake.

"Naangalia kwetu," Constance alijibu. "Kwetu iko upande ule."

Kavuo akapiga. Picha ilipotoka kwenye mashine ya studio, Damien aliishika kwa mikono miwili. Mwanga mdogo wa mlangoni ulikuwa umeingia wote usoni mwa mama yake. Kila mkunjo ulionekana, jicho lilikuwa hai, na turubai lote lenye nembo na matope lilikuwa limeyeyuka nyuma yake likawa kama ukungu wa asubuhi. Hapakuonekana kambi. Alionekana mama tu.

"Huyu njo yeye," Damien alisema. "Hapa haonekane kama mukimbizi."

Maneno hayo yalimwingia Kavuo mahali ambapo hakuna sifa ya arusi iliyowahi kufika. Kuanzia siku ile alienda Lushebere kila alipopata nafasi. Waliomwita walikuwa watu ambao picha zao zote ziliungua na nyumba zao: baba asiye na picha ya marehemu mkewe, mama asiyekuwa na picha ya mtoto yeyote. Kavuo aliingia kwa magoti katika nyumba zile za fito, na alichotoka nacho kila mara kilikuwa uso. Mitaani hawakuuliza tena kuhusu mguu wa lenzi.

Mwaka uliofuata, upande wa Mpofi ukatulia. Watu wakaanza kurudi, kwanza wanaume kutazama mashamba, kisha familia nzima na sufuria vichwani. Constance alirudi amebebwa kwenye kipoyi, machela ya vijiti, na wajukuu wakipokezana mabegani. Muhogo ulipandwa, maharage yakachanua, kanisa la matofali likaezekwa upya. Ndipo Damien akatuma ujumbe kwa Nestor: watu wa Mpofi wanamtaka Mama Kavuo. Wanataka foto moja, watu wote pamoja, ili ionekane kwamba wamerudi.

Valentin hakupenda. "Barabara ile unaijua," alisema.

"Naijua. Lakini hawa watu nawajua kuliko barabara."

Valentin akatikisa kichwa, kisha akaenda mwenyewe kutafuta mfuko wa nailoni mzito wa kufungia kamera. Wakaondoka asubuhi, Nestor mbele, Kavuo nyuma, wakapita Nyabiondo, pikipiki ikiogelea kwenye matope. Mahali fulani kulikuwa na kizuizi. Kijana mwenye bunduki akafungua nailoni, akatoa kamera na kilenzi chake kifupi.

"Ka-appareil ya mutoto hii?"

Kavuo alihisi ulimi ukimwasha. Akameza wasiwasi na kiburi pamoja. "Ndiyo, kaka. Iko kadogo."

Kijana akairudisha bila hata kumwita mkubwa wake. Walipokwisha kupita kona, Nestor alisema bila kugeuka, "Leo kadogo kametuokoa." Kavuo alikuwa akitabasamu mgongoni mwa Nestor, na matope yakimrukia menoni.

Mpofi ilikuwa imevaa. Hakuna neno jingine. Vitenge vilivyofichwa chini ya ardhi vilikuwa vimefukuliwa na kufuliwa. Wazee walikuwa na makoti. Wasichana wamesukana tangu jana. Walikuwa wamejipanga mbele ya kanisa, kwenye kiwanja kilichochongwa ubavuni mwa kilima, na Constance kawekwa katikati kwenye kiti cha padri. Kavuo aliwasalimu, akainua kamera, akatazama. Aliona Constance na watu wa jirani yake. Akarudi nyuma. Akaona safu mbili. Akarudi nyuma tena mpaka Nestor akamshika mkono kwa nguvu, maana kisigino chake kilikuwa hewani. Kiwanja kilikuwa kimeisha. Nyuma yake palikuwa na genge, na chini kabisa mto uliojaa mvua ya usiku ukinguruma kati ya mawe.

Alisimama pale ukingoni, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akaitamani lenzi yake iliyochukuliwa, ile iliyoweza kufungua macho na kuyafumba kama ilivyotaka. Watu walimtazama wakingoja.

"Papa Damien," alisema, "hamutaingia wote. Ninaweza kupiga upande huu kwanza, kisha upande ule. Nitaunganisha."

Damien akaanza kugeuka awaeleze watu, lakini Constance aliinua fimbo yake.

"Apana," alisema. "Nusu na nusu tulishakuwa. Wengine Lushebere, wengine Pinga, wengine muporini. Leo hakuna nusu. Kama iko vigumu, acha tu, tutakula bugari turudi nyumbani."

Kavuo aliangalia kiwanja, akaangalia kanisa, akaangalia ng'ambo. Upande wa pili wa genge, kilima kingine kilishuka na kutengeneza kama bega, limelimwa maharage. Kwa jicho palikuwa karibu, ungeweza kuona kuku wanaparua. Kwa miguu ilikuwa kushuka mpaka mtoni, kuvuka kwa gogo, na kupanda tena. Maneno ya Jacques yalimrudia: wewe uko na miguu.

"Nitaenda kule," alisema.

"Kule ngambo?" Damien aliuliza. "Tutakusikia namna gani? Muto hii inapiga kelele sana."

Kavuo alikuwa ameshaona ngoma ya kanisa, ile kubwa ya kuitia misa, chini ya paa mlangoni. Akamweleza Damien taratibu. Leo mawingu ni mengi na mwanga haba. Ili kila uso utoke mkali, mpaka wa mtu wa mwisho pembeni, lazima aufunge mdomo wa lenzi, na akiufunga, kamera itachelewa kula mwanga. Yeye ataiweka juu ya jiwe isitikisike. Wao nao wasitikisike. Damien asimame kwenye ngoma. Kavuo akitikisa kitambaa chake chekundu cha mkononi, Damien apige. Watu wakisikia ngoma, wawe mawe, mpaka ngoma ilie tena.

"Na watoto?" mmoja wa akina mama aliuliza.

"Watoto mukamate mikono. Atakayetikisika atatoka moshi."

Neno hilo lilienda safu kwa safu, watu wakicheka na kuambiana: atakayetikisika atatoka moshi.

Kavuo alishuka. Nestor alimtangulia kwenye gogo akimshika mkono, kamera ikiwa ndani ya nailoni, nailoni ndani ya kitenge, kitenge kimefungwa mgongoni kama mtoto mchanga. Walipanda bega la pili kwa kushika nyasi. Alipofika kwenye maharage, jasho likimtiririka, aligeuka. Mpofi yote ilikuwa mbele yake. Watu, safu nyuma ya safu, rangi juu ya rangi. Kanisa na paa lake jipya. Na juu yao migomba na mashamba yaliyorudishiwa majembe. Aliinua kamera. Waliingia wote. Waliingia kama vile mtu aliyetengeneza kilenzi kile alipima genge lile kwanza.

Akatafuta jiwe, akatandika kitambaa cha kichwa, akalaza kamera juu yake. Wakati huohuo ukungu ukaanza kupanda kutoka mtoni. Ulifunika kwanza miguu ya watu, kisha viuno, kisha akabaki anaona msalaba wa kanisa peke yake. Kioo cha lenzi nacho kikapata jasho. Akakipangusa kwa upindo wa ndani wa blauzi, kikajaa tena, akakipangusa tena. Mashine ya shabaha ikaanza kulia, inaenda na kurudi, haijui ishike nini katika weupe ule. Kavuo akaizima, akaweka vidole kwenye pete, akangoja.

"Mama, turudi kesho?" Nestor aliuliza.

"Tungoje."

Watu wa upande wa pili hawakuonekana, lakini walisikika. Juu ya ngurumo ya mto ulikuja wimbo. Watu wa Mpofi walikuwa wameanza kuimba ndani ya ukungu, sauti za kina mama mbele, wanaume wakiitikia chini, ili watoto wasichoke kusimama. Nestor alivua kofia, bila kujua kwa nini. Kisha upepo ukapita bondeni, na ukungu ukafunguka kama pazia linalovutwa na mtu mwenye haraka. Hawakuwa wamesogea. Kila mmoja alikuwa mahali pake.

Kavuo alitikisa kitambaa chekundu. Ngoma ikalia. Wimbo ukakatika, na kimya kikashuka juu ya kiwanja kile chote. Hata mto ulionekana kama umepunguza sauti. Akageuza pete mpaka uso wa Constance ukawa mkali. Akabonyeza. Kamera ikakaa wazi kidogo, ikafunga. Akapiga tena, na tena, kisha akatikisa kitambaa, na ngoma ikalia mara ya pili, na vigelegele vikavuka bonde vikamkuta yeye kwenye maharage, miguu imeloa, machozi yakitoka bila yeye kuyaruhusu.

Alipopanda kurudi kiwanjani, watu wote walitaka kuona kwenye kioo kidogo cha nyuma. Alikuza picha kidogo kidogo. Yule, huyu, na huyu. Pembeni kabisa, mahali ambapo kilenzi huwa kinalegea, alisimama mzee mmoja mwenye koti la kijani. Vifungo vyake vilionekana. Mtoto mmoja tu alikuwa ametoka moshi, na mama yake alipoulizwa alisema huyo hata kanisani ni vilevile. Constance aliangalia kwa muda mrefu.

"Hatupungukiwe," alisema.

Siku ile Mpofi ilimpa Kavuo jina. Wakaanza kumwita Mama Ngambo, na jina likafika Masisi-centre kabla ya pikipiki ya Nestor. Picha ilichapishwa Goma, kubwa, upana wa meza ya kulia, na Valentin, aliyekuwa akiita kilenzi kifuniko cha termosi, aliitandika juu ya kaunta siku nzima kabla ya kuipeleka, biashara imesimama, akiwaonyesha wateja. "Bibi yangu njo alipiga," aliwaambia. "Alipita mutoni juu ya gogo." Wengine walikuja bila kununua hata kiberiti, naye hakukasirika. Jacques naye, aliporudi kutoka Uchina, alipita Masisi makusudi. Akaitazama picha, akauliza kama sasa amletee ile lenzi ndefu, maana biashara imekuwa nzuri.

"Ilete," Kavuo alisema. "Kwa arusi za hapa itanisaidia, sitakataa. Lakini njiani nitaenda na hii."

Picha ilitundikwa kanisani Mpofi, ukuta wa kushoto. Haikukaa hata miezi mitatu. Mapigano yalirudi, na watu wakatawanyika tena usiku na mchana, kila mmoja na njia yake. Damien aliingia kanisani wakati risasi zikisikika ng'ambo, akaing'oa picha, akaikunja ndani ya turubai, akaibeba pamoja na mama yake.

Lushebere waliitundika kwenye kikanisa cha kambi. Kavuo alipoenda kuwasalimu, alikuta jambo ambalo hakulifikiria pale kwenye maharage. Kila mtu wa Mpofi aliyefika kambini alipelekwa kwanza mbele ya picha. Alitafuta uso wake, akaugusa, kisha Damien akamuuliza kuhusu nyuso za jirani: huyu ulimwona wapi? Huyu alipita njia gani? Mtu mmoja alikuwa na habari za watatu, yule wa tatu alikuwa na habari za wengine. Kwa njia hiyo walimpata mzee wa koti la kijani, yuko kwa mkwewe. Walimpata mtoto wa moshi. Wawili waligunduliwa kuwa wamekufa, na walisomewa misa kwa majina yao, hawakupotea tu porini kama majani. Constance alikaa chini ya ile picha kila siku, mgongo ukutani, kama mwenye nyumba anayepokea wageni.

Aliyechelewa kuliko wote alikuwa Kétsia, mwalimu wa darasa la kwanza, aliyekimbilia Pinga na kuzunguka huko miezi kadhaa. Kavuo alikuwapo siku alipofika. Alikuwa amekonda, viatu vyake vimefungwa kwa kamba za migomba, na mgongoni alibeba mtoto mchanga. Damien alimshika mkono akamleta mbele ya picha. Kétsia aliangalia safu ya pili, akajiona, amesimama wima na kitenge cha njano, amewashika mikono wanafunzi wawili. Akaweka kidole juu ya uso wake. Kisha akakishusha kidole mpaka tumboni mwa yule mwanamke wa njano.

"Na huyu alikuwa hapa," alisema. "Hakuna mutu alijua."

Constance akacheka, kicheko cha kweli, cha mtu aliyelipwa zaidi ya alichodai. "Nilisema hatupungukiwe," alisema. "Kumbe tulikuwa tumezidi."

Kétsia akageuka, akamwona Kavuo, akamtambua. "Mama Ngambo," alisema, "utamupiga na yeye? Tumuweke pembeni ya wengine."

Ndani ya kikanisa mlikuwa na mwanga mdogo tu, wa mlangoni. Kavuo alitoa kamera kwenye nailoni, akapiga magoti, akamsogelea yule mtoto mpaka akasikia pumzi yake.